Wiki Moja Laxton: Kijiji cha Uingereza Ambako Mashamba Bado Hugawanywa kwa Ngwe

Jumatano: kufika

Laxton iko Nottinghamshire, kati ya miji midogo ya Ollerton na Tuxford. Treni haifiki kijijini. Kutoka London, panda treni King's Cross ushuke Newark North Gate, safari ya saa moja na nusu hivi, kisha zimebaki kilomita kama ishirini za barabara. Anayetoka kaskazini anaweza kushukia Retford, kwenye reli hiyohiyo. Mabasi ya vijijini ni machache, hutembea mchana, na Jumapili usiyategemee kabisa, kwa hiyo gari la kukodi huokoa muda mwingi. Kwa barabara kuu ya A1 unachepukia Tuxford. Uendeshaji ni wa kushoto kama Kenya na Tanzania, ila vibao vya mwendo huandikwa kwa maili: 30 kijijini maana yake ni kilomita 48 kwa saa.

Ratiba hii inaanza Jumatano ya mwisho wa Novemba, na wiki hiyo ina sababu yake. Wageni wengi huja kiangazi kwa ajili ya jua, wakaondoka wamepiga picha za nyumba za matofali bila kuona kilichokifanya kijiji hiki kijulikane. Laxton ni kijiji cha mwisho nchini Uingereza ambako mashamba ya wazi yaliyogawanywa kwa ngwe, yaani vipande virefu vyembamba visivyo na ua, yangali yanalimwa na yangali yanasimamiwa na mahakama ya kijiji chenyewe. Mahakama hiyo na juri lake hufanya kazi mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Ukija Julai utakuta ngano nzuri, lakini hutamwona mtu akipima mpaka.

Gharama ya kuja wakati huu ni baridi na giza. Jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na joto la mchana mara nyingi halifiki nyuzi 10 za Selsiasi. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mzito wenye wekundu. Ukilowa hung'ang'ania kiatu mpaka kila mguu unakuwa mzito maradufu, na viatu vya raba vya mjini hubaki matopeni. Vaa gambuti zinazofika chini ya goti, soksi mbili, na koti lisilopitisha maji. Mwavuli hausaidii, kwa kuwa mashamba hayana ua wala mti wa kuzuia upepo.

Katikati ya kijiji ipo baa ya Dovecote Inn, ambayo ndiyo ukumbi, mgahawa na chumba cha mahakama kwa wakati mmoja. Piga simu mapema kuulizia chumba na saa za jikoni, maana baa za vijijini Uingereza hubadilisha siku za kufungua kadiri ya msimu. Pembeni yake kuna kituo kidogo cha wageni chenye ramani na maelezo ya mfumo wa mashamba, anzia hapo. Mahitaji ya dukani, fedha taslimu na dawa vimalize Tuxford au Ollerton kabla ya kuingia kijijini.

Kabla giza halijaingia, tembea barabara kuu mara moja, ukitazama jinsi nyumba zilivyokaa. Nyingi zimeipa barabara ubavu, ua na maghala yapo nyuma, na nyuma ya maghala kuna kiwanja kirefu chembamba. Katika sehemu kubwa ya Uingereza nyumba ya mkulima iko peke yake katikati ya mashamba yake. Hapa wakulima wote wanaishi kijijini bega kwa bega, kwa kuwa hakuna mwenye shamba la kipande kimoja la kujengea katikati. Mtu ana ngwe mbili huku, tatu kule, moja ng'ambo ya kilima. Pa kukaa penye haki kwa wote ni katikati.

Alhamisi: juri shambani

Asubuhi wanajuri 12 hukusanyika. Ni wakulima na wapangaji wa ardhi ya Laxton, walioapishwa Desemba iliyopita kwa ajili ya siku hii. Kazi yao ni kukagua shamba moja kati ya matatu.

Yako mashamba makubwa matatu: South Field, West Field na Mill Field. Yote kwa pamoja hayafiki ekari 500, na kila moja limekatwa ngwe. Mzunguko ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza shamba zima hupandwa ngano ya majira ya baridi, inayosiwa vuli na kuvunwa Agosti. Mwaka wa pili hupandwa zao la masika, kama shayiri au jamii ya kunde. Mwaka wa tatu shamba hulazwa ili lipumue. Siku hizi huruhusiwa kuota majani ya malisho yakakatwa kwa ajili ya mifugo. Mwaka wowote ule, basi, shamba moja lina ngano, la pili zao la masika, na la tatu limepumzika. Juri hukagua lile lililotoka kusiwa ngano vuli hiyo, hivyo kila shamba hukaguliwa mara moja kila baada ya miaka mitatu.

Ukaguzi hufanyika sasa, na si Machi, kwa sababu plau imetoka kupita na ngano bado ni majani mafupi. Kosa la mkulima linaonekana waziwazi. Ikifika Mei mimea imefunika kila kitu, na anayedai jirani amemla nusu mita hana pa kuonyesha.

Kati ya ngwe na ngwe hakuna ua, waya wala jiwe. Mpaka ni mfuo wa plau tu, na mfuo huhama. Dereva wa trekta akikosea sentimita kumi kila mwaka, baada ya mizunguko michache jirani amepoteza mstari mzima wa ngano. Ndiyo maana juri huja na trela la vigingi vya mbao na nyundo kubwa. Wanatafuta mpaka wa zamani, mmoja anasimama upande wa pili kunyoosha mstari kwa macho, kisha kigingi kinapigwa kwenye ncha ya ngwe. Palipo na ubishi wanajadiliana papo hapo, watu waliolima udongo huohuo tangu ujana wao.

Makosa yanayotafutwa ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kulima kupita kiasi: plau imeingia kwenye njia ya wote au kwenye majani ya ukingoni. La pili ni mtaro usiosafishwa. Kwenye mfinyanzi huu maji hayazami upesi, kwa hiyo mtaro wa mtu mmoja ukiziba, ngwe za walio juu yake hufurika na mizizi ya ngano hukosa hewa. La tatu ni kugeuzia trekta juu ya ngwe ya mwenzako iliyokwisha kusiwa. La nne ni kuacha zana au uchafu njiani. Kila kosa huandikwa, na mwenye kosa hatozwi leo. Baada ya kuzunguka, juri hurudi Dovecote Inn kula, kisha huketi kukadiria faini za kupelekwa mahakamani wiki ijayo.

Mgeni anaweza kufuata kwa adabu. Omba ruhusa kwa kiongozi wa juri kabla ya kuanza, tembea nyuma yao au kwenye njia, usikanyage ngano. Usiulize maswali wakati wanabishana juu ya mpaka. Subiri wakati wa chakula, hapo watu huzungumza kwa raha. Mbwa aachwe.

Anayeziona ngwe kwa mara ya kwanza hudhani ni kugawana umaskini: kwa nini mtu asipewe pake pamoja? Jibu liko chini ya miguu. Kilima kina mgongo unaokauka upesi na bonde linalotuama maji, sehemu yenye rutuba na sehemu iliyochoka. Ukimpa mmoja mgongo na mwingine bonde, mwaka wa mvua nyingi mmoja anavuna na mwingine analala njaa. Ngwe zilizotawanyika zinampa kila mtu fungu la kizuri na fungu la kibaya. Bei yake ni uhuru: wote hupanda zao moja kwa wakati mmoja, na zamani wote walingoja aliyechelewa kuvuna ndipo mifugo iingizwe kula mabua. Mkaidi mmoja aliwakwamisha wote, na hapo ndipo ilipohitajika mahakama.

Ijumaa: ngome, kanisa na zizi

Kaskazini ya kanisa, mwendo wa dakika chache kwa njia ya miguu, yapo mabaki ya ngome ya Wanormandi, watawala waliotoka Ufaransa karne ya 11. Hakuna ukuta uliosimama. Kuna kilima kilichojengwa kwa udongo kwa mikono ya watu, mahandaki, na ua mpana uliozungushiwa tuta. Usiidharau kwa kukosa mawe: hapa ndipo ulipokuwa utawala wa msitu wa mfalme wa Sherwood, na ukoo wa de Caux na baadaye wa Everingham walishika cheo cha kuutunza msitu huo kwa kurithishana. Panda hadi juu kama hakuna barafu. Mteremko ni mkali na majani huteleza. Ukiwa kileleni unaona kwa nini Wanormandi walipachagua.

Kijiji chenyewe kimo kwenye daftari kuu la mali la mwaka 1086, lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William Mshindi.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina sanamu za kaburi za akina Everingham. Nyingine ni za mawe, lakini moja ni ya mwanamke, imechongwa kwa mwaloni. Sanamu za mbao za enzi hizo zimebaki chache sana nchini, kwa kuwa mbao huoza, huliwa na wadudu au huishia jikoni. Isimamie kwa muda. Jengo lilikarabatiwa sana mwaka 1859 na 1860 kwa fedha za Earl Manvers (Earl ni cheo cha kikabaila), mwenye ardhi wa wakati huo, na ukitazama vizuri unaona mawe mapya yalivyokutana na ya kale.

Kijijini tafuta pia zizi dogo la ukuta lililokuwa la mifugo iliyozurura. Mnyama aliyekutwa kwenye ngano ya watu alifungiwa humo, na mwenyewe alilipa ndipo akamkomboa. Pasipo na ua shambani, ng'ombe mmoja aliyefunguka usiku ni hasara ya watu kumi.

Jumamosi: West Field na ramani ya 1635

Mchana wote utumie kutembea mashambani. Njia za umma zimewekewa alama: mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kaa kwenye njia hata pakiwa matope, maana kuchepuka pembeni ni kukanyaga zao la mtu.

Katika malisho yaliyozunguka kijiji, hasa asubuhi jua likiwa chini, utaona ardhi imejaa mawimbi ya matuta na mabonde. Ni alama ya plau za karne nyingi zilizokuwa zikigeuza udongo kuelekea katikati ya ngwe ili maji yakimbilie pembeni. Matuta mengi hayajanyooka. Yamepinda kama herufi S iliyogeuzwa. Timu ya maksai wanane ni ndefu, haiwezi kugeuka papo hapo, kwa hiyo mkulima alianza kuikunja kabla ya kufika mwisho wa ngwe. Trekta imenyoosha mistari ya leo, lakini palipobaki malisho mkunjo wa maksai uko vilevile.

Ukubwa wa ngwe za kale ulifuata nguvu ya maksai. Ekari ya Kiingereza ni yadi 220 kwa 22, yaani mita 201 kwa 20: urefu ambao wanyama huvuta bila kupumzika, na upana wa takriban kazi ya siku. Ngwe nyingi za Laxton zilikuwa pungufu ya ekari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliunganishwa zikawa pana na chache, la sivyo mashine ya kuvunia isingepata pa kugeukia.

Pale ambapo bonde ni la maji mno au mteremko ni mkali mno kwa plau, ardhi imeachwa kuwa majani. Vipande hivi huitwa *sykes*. Havijawahi kupigwa plau wala kumiminiwa mbolea za viwandani kama mashamba mengine, na ndiyo sababu vina maua ya porini ambayo kwingineko yametoweka. Vinalindwa na sheria ya hifadhi ya mazingira. Majani yake hupigwa mnada mwanzoni mwa kiangazi, na anayenunua hukata na kubeba. Akilima kipande chake hata hatua moja, juri litamwona Novemba.

Ukirudi kituo cha wageni, tafuta nakala ya ramani ya Mark Pierce. Mwaka 1635 Sir William Courten, aliyekuwa amenunua ardhi ya Laxton, alimwajiri apime kila ngwe, kila nyumba na kila kiwanja. Ramani halisi iko maktaba ya Bodleian, Oxford, na imechorwa hadi watu wanaolima na kuvuna. Ilinganishe na ulichokanyaga mchana: barabara ni zilezile, na kiwanja kirefu nyuma ya nyumba unayolala huenda ukakiona pale pale.

Ilikuwaje Laxton ikapona? Kati ya miaka ya 1750 na 1850 Bunge lilipitisha sheria kwa maelfu za kuzungushia ua mashamba ya wazi. Kila mwenye hisa alipewa kipande kimoja, ua ukapandwa, na maskini waliokuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni kwenye ardhi ya wote wakabaki bila kitu. Hapa ardhi iligawanyika kati ya Earl Manvers, Earl wa Scarbrough na wamiliki wadogo, na makubaliano ya kubadilishana yalikwama. Yalipowezekana, bei ya nafaka ilikuwa imeanguka mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna aliyetaka kutoa fedha za ua, barabara na nyumba mpya.

Kuanzia hapo kilichokiokoa kijiji ni uamuzi wa watu, na hili vitabu vya watalii hulipita haraka mno. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi yake ili mfumo uendelee. Mwaka 1981 ardhi ilihamishiwa Crown Estate, mamlaka inayosimamia mali ya taji. Mwaka 2020 ilirudi kwa Thoresby, mali ya warithi wa ukoo uleule wa Manvers. Kila mauzo yalileta hofu, kwa sababu ngwe ni ghali kuendesha: dizeli ya kutoka ngwe hadi ngwe na muda wa kugeuza. Bila mwenye ardhi anayekubali kodi ndogo kuliko ya shamba la kipande kimoja, mfumo hauwezi kusimama.

Jumapili: nyumba ya kumbukumbu

Nje kidogo ya kijiji, upande wa Acre Edge Road, kuna kituo cha taifa cha kumbukumbu ya mauaji ya halaiki ya Wayahudi, kilichofunguliwa mwaka 1995 kwa jina la Beth Shalom. Kilianzishwa na familia ya Smith baada ya ndugu Stephen na James kuzuru Yad Vashem, makumbusho ya mauaji hayo yaliyoko Jerusalem, mwaka 1991. Kina maonyesho ya kihistoria na bustani ya mawaridi meupe yenye vibao vya majina ya waliouawa. Weka nafasi kabla ya kwenda na uthibitishe siku za kufungua. Tenga nusu siku, na mwenye watoto wadogo aulize kwanza ni sehemu ipi inayowafaa.

Msomaji wa Maziwa Makuu ana sababu yake ya kufika hapa. Kutoka kituo hiki, mwaka 2000, lilizaliwa shirika la Aegis Trust, ambalo kwa kushirikiana na mamlaka za Rwanda lilijenga Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, Gisozi, iliyofunguliwa Aprili 2004. Zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994 wamezikwa Gisozi, na tangu 2023 mahali hapo pamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kijiji kinachojulikana kwa kutunza kumbukumbu ya mipaka kimetoa pia watu waliosaidia taifa lingine kutunza kumbukumbu ya wafu wake.

Jumatatu hadi Jumatano: karibu na kijiji

Siku tatu za kusubiri mahakama. Nenda Southwell uone jumba la maskini la mwaka 1824, linalotunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi. Majira ya baridi hufungwa siku nyingi, kwa hiyo hakikisha. Waliopoteza ardhi ya wote na kazi walipokosa chakula waliingizwa kwenye majumba kama hili, mume upande wake, mke wake, watoto wao. Baada ya Laxton, jengo hili linaeleza upande wa pili wa kuzungushia ua kuliko maandishi yoyote. Katika mji huohuo lipo kanisa kuu lenye majani ya mawe yaliyochongwa karne ya 13.

Newark ina magofu ya ngome alimofia Mfalme John Oktoba 1216. Nusu siku inatosha.

Alhamisi ya pili: mahakama

Mahakama huketi Dovecote Inn, wiki moja baada ya juri kuzunguka. Chumba ni kidogo na wenye kustahili kuhudhuria ni wengi. Omba nafasi mapema, na ukiambiwa pamejaa, kubali. Mkao wake ni wa umwinyi wa kale: msimamizi anayemwakilisha mwenye ardhi anaendesha kikao, orodha ya wanaopaswa kuhudhuria inasomwa, na asiyefika bila udhuru hutozwa senti chache.

Kisha taarifa ya juri inasomwa: nani amelima njia, nani hakusafisha mtaro, faini kiasi gani. Fedha ni ndogo, lakini jina linasomwa mbele ya majirani wote, na hilo ndilo linalouma. Anayepinga huzungumza hapo.

Hukumu hizi zina nguvu ya sheria. Bunge lilipofuta mamlaka ya mahakama za namna hii mwaka 1977, liliacha mbili tu, ya Denbigh kule Wales na hii ya Laxton. Mpaka wa ngwe hapa haupelekwi kwa hakimu wa mjini asiyelijua shamba. Huamuliwa na waliolikanyaga wiki iliyopita.

Jambo la mwisho ni kumwapisha kila mwanajuri mpya, kwa ajili ya shamba litakalosiwa ngano vuli ijayo. Andika jina la shamba hilo, kwa sababu ukirudi mwakani ndiko msafara utakakoelekea. Anayetaka kuona upande wa kiangazi aulize hapohapo tarehe ya mnada wa majani ya *sykes*, na agize chumba kabla hajaondoka. Kikao kinakwisha jioni giza likiwa limeingia, na basi la mwisho huenda limekwisha kupita: panga teksi ya kwenda Newark tangu asubuhi, au lala usiku mmoja zaidi.